Tusitupe disketi, kumbukumbu zetu zimo humo

Mwezi uliopita alinijia hapa Kampala mwenzangu tuliyesoma naye uhamishoni Nairobi. Alikuwa anafuatilia hati zake, akatakiwa alete ushahidi wa miaka aliyosoma kule. Shule yetu ilishafungwa zamani. Bahati nzuri, niliporudi nyumbani nilikuja na disketi yenye rejista ya wanafunzi.

Kompyuta yangu iliikataa. Rejista ile ilitengenezwa kwa programu ya DOS, na Windows za biti 64 haziendeshi programu za biti 16. Mwanafunzi wangu wa zamani ndiye aliyeniwekea DOSBox, programu ya bure iliyoanza kutolewa 2002, ambayo huigiza kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta mpya. Skrini ikawa nyeusi, tukaandika amri, na majina yetu yakatokea mstari kwa mstari. Tulipiga picha skrini ile, tukaichapa.

Wapo wanaosema huu ni mchezo wa wapenda vitu vya kale. Sikubaliani nao. Ofisi, shule na makanisa mengi yaliandika kumbukumbu zao kwa mashine za aina hiyo. Tunayo Sheria ya Taifa ya Kumbukumbu na Nyaraka ya 2001, lakini kutunza disketi bila programu ya kuisomea ni sawa na kutunza sanduku na kutupa ufunguo. Nazo disketi huota ukungu, na Sony iliacha kuziuza 2011.

Gharama si kisingizio. FreeDOS, iliyoanzishwa 1994, hailipiwi. Microsoft yenyewe ilitoa hadharani msimbo wa MS-DOS za mwanzo 2014, na wa toleo la nne 2024. Windows za zamani bado zina mwenyewe, kwa hiyo leseni ziheshimiwe.

Nashauri kila shule na ofisi ikusanye disketi zake, inakili yaliyomo na kuhifadhi pamoja nayo programu zilizoyaandika. Walimu wa kompyuta wawape wanafunzi kazi hiyo. Watajifunza jinsi mashine inavyofanya kazi kuliko kubofya picha tu.

Mwenzangu aliondoka na karatasi yake mkononi. Wangapi hawana hata disketi? Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.