Likizo imekwisha, lakini tumbo bado limelala

SHULE zinapofunguliwa, wazazi wengi jijini hukimbia huku na huku wakitafuta karo, sare na viatu. Jambo moja husahaulika hadi asubuhi ya kwanza: tumbo la mtoto bado liko likizoni.

Hebu fikiria, mpenzi msomaji. Kwa majuma kadhaa mwanao amekuwa akiamka saa tatu asubuhi, akila cha mchana saa tisa na cha jioni saa nne usiku mbele ya televisheni. Ghafla Jumatatu unamwamsha saa kumi na moja alfajiri, unamwekea kikombe cha uji na kumwambia, "Kunywa haraka, basi linakuja!" Anakunja uso kama aliyepewa dawa. Wewe unafoka, yeye analia.

Nasema haya kwa kuwa yalinipata. Mwanangu alipoingia Gredi ya Tatu, nilikuwa nikisimama kando yake mpaka kikombe kiishe. Nilijiona mzazi hodari kweli kweli. Juma la pili mwalimu akanipigia simu: mtoto alikuwa ameanguka kwenye gwaride la asubuhi. Jioni, baada ya kumbembeleza sana, akaniambia kuwa kila siku uji ule alikuwa akiutapika karibu na kituo cha basi. Hakuniambia mapema kwa sababu aliniogopa. Nilipopiga hesabu, niligundua kuwa tangu saa nne usiku hadi saa saba mchana hakuwa na chochote cha maana tumboni. Saa 15!

Kosa halikuwa la uji. Mtoto aliyekula ugali saa nne usiku hawezi kuwa na njaa alfajiri. Kwa hivyo kazi huanza jioni, na huanza juma moja kabla ya shule kufunguliwa. Kila siku pakua chakula cha jioni mapema kwa nusu saa, hadi familia iwe inakula saa moja. Usingizi nao uufuate mwendo huo huo. Mtoto wa kati ya miaka 6 na 12 huhitaji kulala kwa saa 9 hadi 12, na anayeamka saa kumi na moja yafaa awe kitandani kufikia saa mbili. Najua baba bado yuko kwenye matatu wakati huo, amekwama kwenye msongamano. Watoto wasimngoje. Atakula nao Jumamosi.

Asubuhi nayo usidai makubwa. Nusu kikombe cha uji wa wimbi na kipande cha nduma au kiazi kitamu chatosha kwa siku za kwanza. Kilichobaki akibebe ale wakati wa mapumziko: yai la kuchemsha, ndizi, au karanga ikiwa shule inaziruhusu na hazimdhuru. Andazi moja halijaua mtu, lakini anayeshindia unga mweupe na sukari hurudiwa na njaa upesi, na somo la hesabu ndilo linaloumia.

Kuna suala la chai, na hapa najua nitagombana na wengi. Sisi Wakenya huteremshia kila kitu kwa chai. Hata hivyo, majani ya chai huuzuia mwili kupata vyema madini ya chuma yaliyo katika maharagwe, ndengu na mboga za majani, na chuma ndicho kinachosaidia kutengeneza damu. Chai ya mtoto na ingoje kama saa moja baada ya mlo. Badala yake mkatie chungwa, kwani vitamini C huusaidia mwili kuyapokea madini hayo.

Kuhusu cha mchana, wenye watoto katika shule za msingi za umma jijini Nairobi wana mpango wa Dishi na County, ulioanza mwaka wa 2023, ambapo mzazi huchangia Sh5 kwa mlo. Kwa wanaobeba chakula, jaribu jambo hili: pika Jumamosi, kifungie mkebeni asubuhi, kisha ukionje wewe mwenyewe saa saba. Utashangaa jinsi chapati inavyokuwa ngumu kama ubao. Na mtoto akirudi usimwulize, "Umekula?" Atajibu ndiyo. Mwulize alikula nini, na alimgawia nani.

Siku hizi mwanangu hujipakia chakula mwenyewe. Juzi nilichungulia mkebe wake alipokuwa akifunga viatu. Kulikuwa na viazi vitamu viwili, yai na ndizi. Chini kabisa, yamefungwa kwa karatasi, nikakuta mandazi mawili. Nilifunika mkebe nikanyamaza.