Limepita, Lakini Limepitaje?

Mwezi huu tunaacha kidogo habari za nani kamkosea nani, tunaingia gereji. Usifunge ukurasa, dada. Huko nako kuna mapenzi, tena yenye hela ndani yake.

Nimepata ujumbe kutoka kwa msomaji wetu mmoja, nesi, anaishi Leicester, Uingereza. Yeye na mchumba wake wanafunga ndoa mwakani na wanaweka akiba pamoja. Sasa kaka kaona gari: Toyota Celica ya mwaka 2003, milango miwili, rangi ya fedha, pauni 2,000. Analitaka kuliko keki ya harusi. Hoja yake ni moja tu: gari limepita ukaguzi wa serikali juzi, kwa hiyo ni zima. Bibi harusi mtarajiwa hana amani. Ananiuliza: "Da' Mhariri, gari la spoti lenye miaka zaidi ya ishirini litapita ukaguzi kila mwaka kweli, au nitakuwa naolewa na mtu na gereji yake?"

Hizi gari za spoti za milango miwili Wafaransa walizipa jina coupé, nasi tukilitamka kwa midomo yetu linakuwa kupe. Na kupe tunamjua. Anakaa kimya, anakunywa taratibu, siku unamgundua ng'ombe kashakonda. Kwa hiyo swali la dada ni la haki kabisa.

HUO UKAGUZI NI NINI?

Sisi huku tumezoea stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama. Wenzetu Uingereza wana kitu kinaitwa MOT, herufi zilizobaki kutoka kwenye jina la Wizara ya Usafiri ya zamani. Ulianza mwaka 1960 kwa magari yenye umri wa miaka kumi na kuendelea, na wakati huo waliangalia breki, taa na usukani. Mwaka 1967 umri ukashushwa hadi miaka mitatu. Mpaka leo, England, Scotland na Wales, gari likitimiza miaka mitatu linaanza kukaguliwa kila mwaka. Ada ya juu kwa gari dogo ni pauni 54.85. Ukikamatwa unaendesha bila cheti, faini inaweza kufika pauni 1,000.

Na si mchezo. Kwa wastani karibu magari matatu katika kila kumi yanafeli mara ya kwanza. Wachawi ni walewale kila mwaka: taa, mfumo wa shokapu na springi, breki, na matairi. Umeona? Mengi hayatokani na ubaya wa kiwanda. Ni mwenye gari kutoliangalia.

UZEE SIO UGONJWA

Hapa ndipo wengi tunapokosea hesabu. Tunadhani kadiri gari linavyozeeka ndivyo linavyofeli. Mwanzoni ni kweli, gari la miaka mitatu hufaulu kirahisi kuliko la miaka kumi na mbili. Lakini serikali ya Uingereza ilipotazama takwimu za mwaka 2009 ilikuta kitu cha kushangaza. Magari yaliyotengenezwa kabla ya 1960 yalifeli mara ya kwanza kwa chini ya asilimia 10. Yaliyotengenezwa baada ya hapo yalifeli kwa zaidi ya asilimia 30! Vibabu vikawashinda vijana. Mwaka 2012 magari hayo ya kabla ya 1960 yakasamehewa ukaguzi, na tangu Mei 2018 msamaha unayahusu magari mengi yaliyofikisha miaka 40, mradi hayajabadilishwa sana.

Kwa nini vibabu vinafaulu? Kwa sababu yaliyobaki ni yale yanayopendwa. Mabovu yalishakuwa chuma chakavu zamani. Yaliyosalia yanalala ndani, yanatoka Jumapili, na mwenyewe anajua kila nati.

Sasa Celica ya 2003 iko wapi hapo? Iko katikati, na katikati ndiko kwenye hatari. Bado haijawa kitu cha makumbusho, na si gari jipya tena. Bei yake ya kununulia imeshuka mpaka kijana yeyote mwenye mshahara anaweza kuondoka nayo. Lakini matairi yake hayakushuka bei, wala breki, wala saa za fundi. Ndiyo maana Celica mbili za mwaka mmoja, rangi moja, zinaweza kuwa na maisha tofauti kabisa. Moja imepita kwa mama mwalimu aliyemwaga oili kwa wakati. Nyingine imepita kwa vijana watano waliokuwa wanatafuta sifa.

CELICA TUNAIJUA SISI

Simlaumu kaka kwa kuipenda. Jina Celica lina historia kwenye ardhi yetu. Gari zenye jina hilo zilishinda Safari Rally kule Kenya mwaka 1984, 1985 na 1986, zikarudia 1990, halafu 1992 hadi 1995 mfululizo. Ushindi wa 1994 aliuchukua Mkenya, Ian Duncan. Baba zetu walisimama kwenye vumbi kuziangalia zikipita.

Ila hiyo anayoitaka kaka ni ya kizazi cha saba, kilichotoka mwaka 1999 hadi 2006. Ile ya mashindano ilikuwa kitu kingine. Hii ina injini ya lita 1.8, ya aina mbili: moja ya nguvu farasi kama 140, nyingine inakaribia 190. Kwa ujumla ni gari lenye sifa ya uvumilivu, ni Toyota bwana. Lakini ina kasoro inayojulikana kwa mafundi: ile injini yenye nguvu ndogo, hasa ya miaka ya mwanzo mpaka karibu 2002, ilikuwa na tabia ya kunywa oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Kumbuka neno hilo, oili. Tutalirudia.

NILICHOKIONA KWA MACHO YANGU

Mwaka juzi nilikwenda kumsalimia dada yangu huko huko Uingereza. Shemeji ana kigari cha spoti cha zamani, anakipenda mpaka dada anakiita mke mwenza. Siku ya ukaguzi nikaomba niende naye. Vituo vyao vina sehemu ya mteja kukaa na kutazama, kwa hiyo nikavuta kiti na kikombe changu cha chai.

Ilichukua kama saa moja. Mkaguzi alianza na vitu ambavyo hata mimi ningeviweza: taa zote, honi, wipa, maji ya kioo, mikanda. Akapima matairi, kina cha kashata za tairi kisipungue milimita 1.6. Akaliingiza gari kwenye rola, akapima breki gurudumu moja moja. Akalinyanyua. Chini huko akawa anatikisa magurudumu, anamulika tochi kwenye mabomba ya breki, anagonga gonga chesisi kutafuta kutu. Mwisho akaingiza kifaa kwenye eksozi kupima moshi.

Likafeli! Balbu moja ya breki ilikuwa imekufa, na tairi moja la nyuma lilikuwa limeliwa upande wa ndani, ule usiouona ukisimama nje. Shemeji akainama kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Kabla ya jioni balbu na tairi vikabadilishwa, gari likapimwa tena, cheti kikatoka. Njiani dada akampigia simu, "Vipi?" Shemeji akajibu kwa kifua, "Limepita!"

Hakudanganya. Lakini mimi nilikuwepo, na najua limepitaje.

KITU AMBACHO CHETI HAKIKUAMBII

Mpenzi msomaji, hapa weka alama. Ukaguzi wa MOT hauangalii hali ya injini, klachi wala giaboksi. Hauangalii! Mkaguzi hafungui kitu, anatazama na kupima vinavyohusu usalama na moshi. Celica inaweza kuwa inakunywa oili kila wiki, na ilimradi moshi wake uko ndani ya kipimo, ikaondoka na cheti safi. Klachi inaweza kuwa inaomba dua ya mwisho, cheti kikatoka. Na cheti kinazungumzia siku ile tu. Kesho yake msumari ukitoboa tairi, cheti hakijui.

Kwa hiyo hoja ya kaka kwamba "limepita juzi, ni zima" ni sawa na kusema mtu ni mume mwema kwa sababu alikuja na maua siku ya posa.

HISTORIA IPO, TENA BURE

Habari njema ni kwamba wenzetu hawafichi. Ukiwa na namba ya gari tu, unaingia kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, unaona ukaguzi wake wa miaka iliyopita: lini limepita, lini limefeli, kwa nini, na lilikuwa limetembea maili ngapi. Hulipi hata senti. Hata wewe uliyeko Dar unayetaka kuagiza gari lililotumika Uingereza, omba namba yake ya kule kabla hujatuma hela, ukaangalie.

Ukishafungua, soma mambo manne.

Moja, maili. Zipande kidogo kidogo kila mwaka. Zikishuka, kuna mtu kachezea mita. Zikikaa palepale miaka miwili, gari lililala, na gari la kulala linapata breki zilizoshika kutu na handbreki inayogoma.

Mbili, ushauri. Mkaguzi akiona kitu hakijaharibika ila kinaelekea huko, anaandika ushauri na gari linapita. Sasa angalia: ushauri wa mwaka jana umeondoka mwaka huu, au umerudi? Kama bushi zile zile zinaandikwa miaka mitatu mfululizo, huyo mwenye gari ni mtu wa "nitashughulikia kesho".

Tatu, kutu. Uingereza wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi inakula chuma kutoka chini. Kutu ya juu juu ni kawaida ya umri. Lakini kutu kwenye chesisi, karibu na inapofungwa mikanda au shokapu, ndiyo inayofelisha, na dawa yake ni kukata na kuchomelea. Kuchomelea kwa gari la pauni 2,000 kunaweza kuzidi bei ya gari lenyewe.

Nne, aina ya kufeli. Tangu Mei 2018 kasoro zinapangwa kwa madaraja: ndogo, kubwa, na hatari. Balbu iliyokufa isikutishe sana. Neno hatari likijitokeza, hasa kwenye breki, uliza maswali. Gari lenye kasoro hiyo haliruhusiwi kuendeshwa mpaka litengenezwe, maana yake mtu alikuwa analiendesha hivyo hivyo mpaka siku ya ukaguzi.

Na kwa gari za spoti ongeza macho: springi zilizokatwa ili gari lilale chini, matairi yanayogusa bodi, eksozi iliyotolewa kile kichujio cha moshi ili ingurume. Kukosa kichujio hicho ni kufeli moja kwa moja. Ukiona taa ya ABS au ya mifuko ya hewa inawaka kwenye dashibodi, hiyo nayo ni kufeli.

SASA WAPENZI WAWILI

Dada yangu wa Leicester, jibu langu ni hili. Celica ya 2003 inaweza kupita kila mwaka bila makelele, kama historia yake inaonyesha watu walioitunza. Usiseme hapana kwa sababu ya umri. Na kaka, usidai ndiyo kwa sababu ya cheti kimoja. Kaeni usiku mmoja, simu moja, namba ya gari moja, msome miaka yote pamoja. Mkikuta ushauri ulioshughulikiwa na maili zilizonyooka, mlipeni fundi wenu alitazame, aangalie oili na klachi, maana hivyo cheti hakivijui.

Mkilinunua, tengeni bahasha ya gari tofauti na ya harusi, na kiwango chake mkubaliane kabla, si siku gari liko juu ya lifti. Lipelekeni kwenye ukaguzi mapema. Kule sheria inaruhusu karibu mwezi mmoja kabla ya tarehe bila kupoteza siku zenu. Mkifeli mnakuwa na muda wa kutafuta spea kwa bei ya akili.

Na ushauri wowote utakaoandikwa, umalizwe ndani ya mwezi huo huo. Nyumba nyingi ninazopokea barua zake hazikuvunjwa na jambo kubwa. Zilivunjwa na kadogo kalikotajwa mwaka wa kwanza, kakatajwa wa pili, na wa tatu hakuna aliyejisumbua kukataja tena.

Kama historia ya gari hilo haisomeki vizuri, kaka, liache liende. Kiti cha pembeni humo ndani atakaa mkeo.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.