Firigisi ya Baba, Damu ya Mama

Nesi anashusha kope la chini la mjamzito kwa kidole gumba, anatazama kidogo, anaandika kwenye kadi. Ndani ya kope palipopaswa kuwa pekundu, pamepauka. Anauliza, unakula nini? "Nakula vizuri tu, nesi." Miezi 3 baadaye ndugu za mama huyo wamejaa kwenye korido ya wodi ya wazazi, wanapigiana simu kutafuta wa kuchangia damu, na mzee mmoja anasema tumwachie Mungu.

Aliyewahi kusindikiza mtu kliniki anaijua picha hiyo. Sisi tunakataa kumtwisha Mungu mzigo ambao ni wetu.

Takwimu za serikali yenyewe zinatosha kutuaibisha. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2010 ulikuta asilimia 59 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Ule wa 2015-16 ulikuta 58. Wa 2022 ukarudi palepale, 59. Kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49 namba imepanda na kushuka: 40, 45, 42. Ndani ya miaka hiyo tumejenga vituo vya afya, tumefikisha umeme vijijini, mtandao wa simu umepanda hadi milimani. Damu ya watoto imebaki ilipokuwa. Mwaka 2012 Mkutano wa Afya Duniani uliweka lengo la kupunguza kwa nusu upungufu wa damu kwa wanawake ifikapo 2025, nasi tulikuwa miongoni mwa waliokubali. Mwaka huo umefika, hesabu haikufika.

Tuanze na nyumbani. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba. Maini ya baba, paja la mgeni. Mwenye mimba ya miezi 6 anabakiwa na shingo, mabawa na mchuzi, na anashukuru. Ziko familia ambazo bado zinamkataza mayai, eti mtoto atazaliwa hana nywele. Mwiko huo bila shaka ulitungwa na walaji wa mayai. Mwanamume anayejiita kichwa cha nyumba ajue kwamba nyama, maini na samaki ndivyo vyenye madini chuma ambayo mwili huyapokea kwa urahisi zaidi, na kwamba mtu mwenye mimba anahitaji chuma cha watu wawili. Kumnyima si mila. Ni ulafi.

Wala asiyemudu nyama hajasamehewa. Dagaa wapo. Sehemu kubwa ya dagaa wa Ziwa Victoria huishia kwenye chakula cha kuku, na mayai ya kuku hao hupanda gari kwenda mjini, huku mtoto wa mama aliyewaanika dagaa anakula ugali kwa chumvi. Maharage yapo, kunde zipo, kisamvu na matembele viko nyuma ya nyumba. Tatizo la chuma cha majani na maharage ni kwamba hakiingii mwilini peke yake, kinataka msindikizaji. Ndimu ikikamuliwa juu ya mchicha ukiwa kwenye sahani, pera au chungwa likiliwa hapohapo baada ya ugali, kiasi kinachoingia huongezeka. Kiganja cha dagaa ndani ya sufuria ya kisamvu hufanya kazi hiyohiyo. Maharage yalowekwe usiku kucha na maji yake yamwagwe. Na bibi zetu waliochachusha togwa na kuotesha kimea kwa ajili ya uji wa watoto walikuwa wanapunguza kile kinachokishika chuma kwenye nafaka, japokuwa hakuna aliyewapa cheti.

Halafu kuna chai. Chai ya rangi imegeuka kitoweo: kiporo cha wali kwa chai, muhogo kwa chai, na jioni Pwani nzima mkate kwa chai, mtoto wa miaka 2 naye ana kikombe chake. Kile kinachoipa chai ukali wake hukamata chuma tumboni kabla mwili haujakichukua. Kahawa ni hivyohivyo. Hatumwambii mtu aache chai (hii tahariri imeandikwa kikombe kikiwa pembeni). Tunamwambia aiweke mbali na chakula, saa 1 au zaidi, na mtoto mdogo aondolewe kabisa kwenye kikombe hicho.

Hapo ndipo tunapowageukia wahudumu wa kliniki. Vidonge vya FEFO, vile ambavyo wengi wanaviita vidonge vya damu, hutolewa bure kwa wajawazito, kimoja kila siku. Vinawekwa kwenye bahasha ndogo, vinasukumwa mezani, "kunywa kila siku," anayefuata! Mama anakwenda nyumbani anakimeza kwa chai ya asubuhi. Siku ya tatu anaona choo cheusi, anaogopa, tumbo nalo linachafuka, na bahasha inahamia chini ya godoro hadi mtoto anazaliwa. Hakuna aliyemwambia kwamba choo cheusi ni kawaida, kwamba kichefuchefu hupungua akimeza usiku kabla ya kulala, kwamba ameze kwa maji. Ni sentensi 3. Tunajua foleni ni ndefu na nesi ni mmoja. Lakini kidonge kilichotolewa bila sentensi hizo kimeandikwa tu kwenye rejista, hakijamfikia mtu.

Aulizwe pia, bila kuchekwa, kama anakula ule udongo unaouzwa sokoni kwa vipande na kuitwa pemba. Hamu ya udongo mara nyingi huenda pamoja na damu kupungua, na udongo wenyewe unaweza kukizuia chuma kuingia. Aambiwe pia kwamba wekundu wa kinywaji si damu. Zimeuzwa chupa nyingi mno kwa imani kwamba wekundu huo huongeza damu.

Lishe peke yake haitoshi. Kiswahili kina neno la zamani, safura, na neno hilo limebeba ugonjwa na mnyoo wake kwa pamoja: mnyoo unaopenya ngozi ya mguu usio na kiatu, ukashuka hadi utumbo, ukanyonya damu kila siku. Anayelisha watoto maini huku nyumba haina choo anamlisha mnyoo. Malaria nayo huvunja chembe nyekundu za damu. Chandarua kilichogeuzwa uzio wa bustani ya mchicha ni hasara hata mchicha ukistawi.

Kisiwa cha Pemba kimeifundisha dunia jambo zito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba watoto wadogo waliopewa madini chuma na foliki kila siku bila kuchagua nani anahitaji, mahali penye malaria nyingi, waliugua hadi kulazwa au kufa kwa wingi kuliko ambao hawakupewa. Kwa hiyo mzazi asikimbilie duka la dawa kununua chupa ya kuongeza damu kwa kumtazama tu mtoto usoni. Apimwe kwanza. Upo pia upungufu usiotibiwa na mboga wala kidonge cha chuma, kama ule wa selimundu, na bila kipimo familia itahangaika na kisamvu miaka yote.

Waliobaki ni wenye mihuri. Kanuni za mwaka 2011 ziliagiza unga uongezwe virutubishi, na viwanda vikubwa vya ngano vinaweza kufuatiliwa. Lakini Mtanzania wa kawaida anasaga mahindi yake kwenye mashine ya mtaani, kwa debe, na sembe inatoka nyeupe na tupu, maana kukoboa kumeondoa pumba na kiini pamoja na sehemu kubwa ya madini yake. Huko mkaguzi haonekani, na mwenye mashine hajapewa kifaa cha kuongezea virutubishi wala bei ya kumwezesha.

Mwaka 2022 wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan. Halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kutoka mapato yao ya ndani kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 5. Elfu moja, kwa mwaka mzima. Fedha hiyo ndiyo inayopaswa kuendesha siku ya afya na lishe ya kijiji kila robo mwaka, kumfikisha afisa lishe mahali ambako hafiki kwa kuwa pikipiki yake haina mafuta. Katika kikao kijacho cha baraza, kila diwani asimame aulize watoto wa kata yake ni wangapi, shilingi zao zimetoka ngapi, na zimefanya nini. Mkurugenzi ajibu kwa hati za malipo. Akijibu kwamba makusanyo hayakutosha, jibu hilo lisipokelewe mpaka fungu la posho za vikao lisomwe kwanza, kwa sauti, kwenye ukumbi huohuo.