Bwana Afya Akiingia Hotelini



Pikipiki ya Bwana Afya ikionekana njia panda, habari hufika sokoni kabla yake. Duka moja linafungwa. Maji machafu ya kuoshea vyombo yanamwagwa upesi. Mandazi yanafunikwa kwa gazeti, pengine gazeti hili hili. (Tafadhali, wino si kitoweo.) Mpishi anavaa aproni iliyotundikwa ukutani tangu ukaguzi uliopita. Bwana Afya akiondoka, aproni inarudi ukutani.

Je, hapo amedanganywa nani? Bwana Afya hali chakula cha pale. Tunaokula ni mimi na wewe.

Tuangalie anachokitafuta. Kwanza ni maji. Katika hoteli nyingi sahani zinaoshwa katika beseni moja tangu asubuhi hadi mchana. Wateja nao wananawa katika bakuli moja, mmoja baada ya mwingine. Anayenawa wa mwisho anaokota uchafu wa wenzake wote. Mikono inatakiwa kumiminiwa maji yanayotiririka, kwa sabuni.

Pili ni kiporo. Vijidudu vingine, vikikaa katika chakula cha vuguvugu, huongezeka mara mbili kila dakika 20. Chukua kalamu tupige hesabu. Saa 6 mchana kuna kijidudu 1. Saa 7 viko 8. Saa 8 viko 64. Saa 9 viko 512. Ikifika saa 1 usiku vimepita milioni 2! Na wali una hatari yake. Vijidudu vyake vinaweza kuacha sumu ambayo haiondoki hata ukiupasha moto mpaka ufuke moshi. Mpishi anayepika kidogo kidogo hapati kiporo, wala hapati hasara.

Tatu ni cheti cha afya. Wapishi na wagawaji wa chakula wanatakiwa kupimwa kila miezi 6. Wengine husema, "Mimi siumwi, nipimwe nini?" Lakini mtu anaweza kubeba vijidudu vya homa ya matumbo katika choo chake, na mwenyewe hajisikii lolote. Akitoka chooni bila kunawa, anawagawia wateja.

Ugonjwa tunaouogopa zaidi ni kipindupindu. Mgonjwa huharisha maji meupe kama maji yaliyooshewa mchele. Asipotibiwa anaweza kufa katika muda wa saa chache. Mwezi wa Agosti mwaka 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam, kikaenea katika mikoa mingi ya nchi yetu. Ugonjwa huu ukiingia mahali, biashara ya chakula huweza kusimamishwa. Hapo mama lishe msafi na mama lishe mchafu wote wanakaa nyumbani, na watoto wa wote wawili wanataka kula.

Mama lishe wengine wanalalamika kwamba wanaonewa. Wanasema, "Sokoni hakuna bomba wala choo. Tutafanyaje?" Hoja yao ni ya kweli. Wanalipa ushuru, na wana haki ya kuuliza katika mkutano wa kijiji kuhusu maji na choo cha soko. Lakini kibuyu chirizi hakingoji mkutano. Chukua dumu kuukuu, litoboe tundu, litundike kwenye mti. Funga kamba ya kukanyagia. Weka sabuni kando. Kazi imekwisha.

Sasa twende dukani. Huko usimngoje Bwana Afya, maana wewe unajua kusoma. Pakiti nyingi zina herufi MFG na EXP. MFG ni siku bidhaa ilipotengenezwa. EXP ni siku ya mwisho kuitumia. Kabla ya kutoa pesa, soma tarehe. Pengine imeandikwa chini ya kopo, kwa herufi ndogo. Kopo lililovimba usilinunue, hata kama tarehe yake ni nzuri. Mkate uliowekwa karibu na mafuta ya taa uache pale pale.

Ukiona tarehe imepita, mwonyeshe mwenye duka kwa upole. Huenda naye hakuiona. Akiirudisha bidhaa hiyo kwenye rafu, mpelekee habari Mwenyekiti wa kijiji au Bwana Afya wa kata. Mtaje bidhaa na tarehe uliyoisoma.