Elfu Ishirini za Shemeji

KUTOKA GATINI
Na Bwana Kisimani

Wiki hii, hapa Kilindoni, nimeona gia boksi ya oto ikifunguliwa juu ya gunia. Chini ya mwembe, kusi inavuma, mchanga unaruka, na kijana wa kujifunza kazi kaketi chini kaibana gia boksi kwa magoti isibiringike. Fundi akiinua nyundo, kijana anafumba macho. Nilitaka kumuuliza anaogopea vidole vyake au gia boksi ya watu, ila mwenye gari alikuwa shemeji yangu, na mbele ya shemeji yangu maswali huzaa deni.

  

Nitasema mapema ili asiyetaka ageuze ukurasa: fundi asiye na stendi ya kushikia gia boksi asiguse oto. Manyuo labda. Oto, hapana.

Noah ya shemeji ni ile ya zamani, injini chini ya viti. Ilianza kwa kuvuma bila kwenda: unaweka D, injini inalia, gari linatafakari. Mtu wa Dar angeingia maduka ya vipuri ya Gerezani asubuhi, mchana akawa na gia boksi ya mtumba. Sisi wa Mafia kuna kivuko hadi Nyamisati, kuna barabara, halafu unauziwa mzigo ambao hujui aliyeutoa kwenye gari lake aliutoa kwa nini. Kuifungua hapa hapa ni akili, na hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi ni kwamba mtaa wa pili kuna kijana mwenye stendi, kaitengeneza mwenyewe. Shemeji alianzia kwake, na mimi nikiwepo.

“Shikamoo, mzee,” kijana alinisalimu, akatuonyesha. Stendi yenyewe haina maajabu. Bomba mbili za chuma, moja inazunguka ndani ya nyingine, na pini ya kuizuia ukishapata pembe unayoitaka. Mbele kachomelea sahani nene ya chuma, kaitoboa ili iishike gia boksi ubavuni, mdomo wake, ule unaofungwa kwenye injini, ukibaki wazi. Miguu ilikuwa kitanda cha zamani. Chini karai la kukinga oili, pembeni meza iliyofutwa na visahani vya kupangia vipuri kwa mfuatano vilivyotoka.

“Ndani kuna ngoma na klachi pleti zimepangana,” alisema. “Ukiisimamisha wima, mdomo juu, kila kitu kinashuka mahali pake kwa uzito wake. Ukimaliza unaigeuza tumbo juu, unafunga valvu bodi. Ikilala ubavu, ngoma inakaa nusu, wewe unadhani imekaa. Unakaza pampu, inapasuka.”

Hakumaliza, nammalizia. Kwenye valvu bodi, oili inapita katika vijia vyembamba kama alama za mchwa, na valvu zinateleza katika nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Punje ya mchanga ikiingia humo, valvu inakwama na gia haiingii. Hata uzi wa tambara la kufutia unatosha kuharibu kazi. Sasa niambieni kisiwa hiki kina nini kwa wingi zaidi ya mchanga.

Kijana akataja bei yake, elfu ishirini juu ya ile ya mwenzake wa gunia. Shemeji akaitazama stendi kuanzia juu hadi chini kama mkaguzi wa serikali.

“Kijana, mbona ina kutu?”

Nchi hii ina SIDO tangu 1973. Kila Saba Saba tunahubiri viwanda vidogo hadi spika zinakauka. Kiwanda kidogo kikisimama mbele yetu kwa miguu ya kitanda, tunakiuliza habari za kutu.

Na tusisingizie kwamba maarifa haya ni mageni. Vukeni hadi Jibondo mkawatazame waunda majahazi. Hakuna anayelaza mkuku mchangani. Unakalishwa juu ya magogo, ubavu unavyopanda unaegemezwa nguzo huku na huku, na fundi anakizunguka chombo chake hadi kila msumari aufikie. Wazee wale hawakungoja kifaa kutoka Japani. Waliokota magogo. Na hakuna nahodha aliyewahi kuwaomba wapunguze bei kwa kuondoa nguzo za upande mmoja.

Mafundi wa gunia tunawafuga wenyewe. Tunalipa nyundo ikipigwa kwa sababu tunaisikia. Usiku ambao kijana alikesha akipima matundu na kuchomelea chuma, huo hatuulipi, hatukuwepo. Tunataka gia boksi ishuke asubuhi, jioni gari liko barabara ya Utende. Fundi anayeosha kila kipande na kuloweka klachi pleti kwenye oili kabla ya kufunga, huyo tunamwita mzembe. Anayebaki na boliti mbili mkononi akatuambia “hizi za ziada, bosi”, huyo tunampa na ya soda.

Gari la shemeji limefungwa. Rivasi linakwenda vizuri. Mbele linakwenda likijisikia. Amenieleza kwamba tatizo ni oili ya siku hizi.

Wakati akinieleza nilikuwa nasoma kioo cha nyuma. Kuna maandishi mapya, makubwa, rangi ya dhahabu: FUNDI NI MUNGU. Nikamsifia. Akafurahi, akaniambia bei bila kuulizwa: elfu ishirini na tano, na hakuomba punguzo.