Mwambieni Kabla ya Kengele

Walimu wenzangu, nanyi wazazi mnaotukabidhi watoto,

Kengele ya shule yetu ni ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye tawi la mwembe. Kiranja akiigonga kwa nondo, darasa zima huinuka kwa furaha, maana ni saa ya uji. Mtoto mmoja wa darasa la pili alikuwa akijitupa chini ya dawati, viganja masikioni, akilia kama aliyeungua. Tukamwita mtundu. Mimi mwenyewe nilimkaripia mbele ya wenzake, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Mtoto yule ana usonji. Milango yake ya fahamu iko wazi yote kwa pamoja, wala hana namna ya kuirudishia. Mvua kwenye bati, lebo inayomkwaruza shingo, jua linalomulika ubaoni, wenzake sabini wanaoimba jedwali la kuzidisha: vyote vinamwingia kwa nguvu ileile, na sauti ya mwalimu inapotelea humo. Wapo pia ambao hisia huwafikia kwa uhafifu. Hao hutafuna kola, hujizungusha, hujigonga ukutani ili mwili uhisi kitu; mwingine huungua na uji asiseme. Tangu mwaka 2013, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, unaotumiwa na wataalamu wa nchi nyingi, unazitaja hali hizi mbili miongoni mwa dalili za usonji. Si deko, si malezi mabaya, wala si pepo.

Aliyetufungua macho ni mama yake. "Mwalimu, mwambie kabla," alisema. "Akijua inakuja, anajikaza."

Basi dakika mbili kabla ya kengele nagusa dawati lake. Simgusi yeye, kwa kuwa mguso mwepesi wa ghafla humuumiza. Namwambia, "Kengele inakuja." Anaziba masikio, au anatoka taratibu kwenda nyuma ya stoo, ambako tumemtandikia mkeka. Akitulia anarudi mwenyewe. Hakuna aliyetuchangia hata shilingi kwa hilo.

Ndiyo maana nawaomba. Mwalimu mkuu, tenga kona moja tulivu, na uwaambie walimu kwamba mtoto aliyezidiwa hachapwi. Fimbo ni maumivu mengine juu ya yale yaliyomwangusha. Mzazi, usione aibu. Njoo utuambie kinachomkera mwanao, kata lebo za nguo, fua sare mpya mara mbili tatu ilainike kabla hajaivaa. Na wewe fundi wa mashine ya mbao uliye jirani na shule, ukiwa na vizuia sauti vya masikioni vya ziada, jozi moja tu itamwezesha mtoto kukaa darasani hadi saa ya kutoka.

Hapa Tanzania, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma kama wenzake. Lakini sheria haikai kwenye dawati la tatu kutoka mlangoni. Tunaokaa naye ni sisi.

Jumatatu ijayo ringi itakapogongwa, usiangalie wanaokimbilia uji. Angalia nani kaziba masikio.