Gashete ya bunduki ya kuwinda isichezewe na tupa

Ndugu wasikilizaji wa Fataki na familia mulio kwenye kambi za waliohama, leo nasema juu ya jambo ambalo wengi wanaliona ni la wawindaji peke yao. Siyo la wao peke yao.

Wako wawindaji wanaosema gashete ya kiwandani ni ngumu: ukiivuta, bunduki inayumba na mnyama anakimbia. Kwa hiyo wanampelekea mhunzi ailegeze. Mhunzi anachukua tupa, anakwangua chuma, anakata springi kidogo. Bunduki inarudi ikiwa "laini."

Ninawaelewa. Risasi moja ni pesa, na mtoto nyumbani anangoja nyama. Lakini ninapinga kazi hiyo.

Ndani ya bunduki, kuna kipande kidogo cha chuma kinachoishika nyundo isianguke. Ukivuta gashete, kipande hicho kinaachia. Bunduki nyingi za kuwinda hutoka kiwandani zikidai nguvu ya kilo moja na nusu hadi tatu. Uzito huo umewekwa kusudi, ili mkono unaotetemeka kwa baridi ama uchovu usifyatue bila kutaka. Tena, mara nyingi chuma hicho kimekomazwa ngozi ya juu tu. Tupa ikiondoa ngozi hiyo, kinachobaki ni laini na kinalika haraka. Siku ya kwanza bunduki inafanya kazi vizuri. Baada ya miezi, inaanguka chini tu na kulia yenyewe, hata sekirite ikiwa imefungwa.

Hata viwanda vikubwa vinakosea hapo. Mwaka 2014, kampuni ya Remington ya Marekani iliomba bunduki za Model 700 na Model Seven zilizotengenezwa tangu 2006 zirudishwe, kwa sababu gundi iliyozidi ndani ya gashete ingeweza kuzifyatua bila kukusudia. Ikiwa kiwanda chenye mashine na vipimo kinateleza, mhunzi mwenye tupa na macho yake atapima na nini?

Sasa tazameni mahali tunapoishi. Djugu imekuwa katika vita tangu Desemba 2017. Tarehe 1 Februari 2022, watu zaidi ya 60 waliuawa katika kambi ya Plaine Savo, karibu na Bule. Mama aliyetoroka mauaji hataulizia kama mlio wa usiku ni wa mwindaji ama wa mshambuliaji. Anabeba mtoto na kukimbia. Wengine wanaanguka, watoto wanapotea gizani, na askari wa doria wanaweza kujibu kwa risasi. Hayo yote kwa sababu ya springi iliyokatwa. Na katika nyumba ya bâche, risasi haizuiliwi na ukuta.

Ndiyo maana jambo hili ni la jirani pia.

Mwenye bunduki ya halali, yenye kibali, aiache gashete kama ilivyotoka kiwandani. Kama ni ngumu kupita kiasi, mara nyingi ni uchafu na kutu: bunduki itolewe risasi zote kwanza, isafishwe, ipakwe mafuta kidogo. Kama bado inasumbua, iwekwe pembeni mpaka ionwe na fundi aliyesomea silaha. Shabaha inatoka kwa pumzi iliyotulia na kidole kinachovuta polepole. Na mukirudi nyumbani, toeni risasi kabla ya kuingia kambini, bunduki isilale chini ya mkeka wa watoto.

Kwenu wahunzi wetu: mikono yenu inatengeneza majembe na visu vinavyotulisha. Mtu akileta gashete, mukatae. Pesa yake ni ndogo kuliko maiti moja.

Na viongozi wa kambi, ongeeni na wawindaji hawa kwa upole. Wengi wanatafuta chakula tu, na mtu anayetukanwa huficha bunduki yake.